Algoriti au Jamii: Nani Hutuchagulia wa Kuzungumza Naye Mtandaoni?

Kila mjadala wa mtandaoni unapogeuka ugomvi, wa kwanza kunyooshewa kidole ni algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazoamua kipi kimfikie nani. Lawama hiyo ina msingi, lakini inafunika jambo ninaloliona zito zaidi: tunaingia mitandaoni tukiwa tumeshapangwa na umri, kipato, elimu na dini, na mpangilio huo ndio unaotuamulia tuzungumze na nani na kwa sauti gani.

Mwaka 2015 watafiti wa Facebook walichapisha uchunguzi wa watumiaji milioni 10.1 wa Marekani waliokuwa wametaja misimamo yao ya kisiasa. Walieleza kwamba algoriti ilipunguza habari za upande wa pili, ila si kwa kiasi kikubwa kama marafiki walio nao watumiaji hao na viungo vya habari wanavyochagua wenyewe kufungua. Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba waandishi walikuwa waajiriwa wa kampuni yenyewe, na kwamba wanaotangaza siasa zao kwenye wasifu hawawakilishi watumiaji wote.

Upungufu huo naukubali. Hata hivyo, mwaka 2022 mchumi Raj Chetty na wenzake walichunguza urafiki wa watu milioni 72 nchini humo katika Facebook, wakakuta kwamba nusu hivi ya pengo la urafiki baina ya wenye kipato cha chini na cha juu inatokana na kutokutana kabisa, shuleni au kwenye ibada. Nusu iliyobaki inaniumiza zaidi, kwa kuwa hapo watu wanakutana na bado kila mmoja anashikamana na wa hali yake.

Je, basi algoriti haina neno? Inalo. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya majaribio ya LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na wanaotafuta ajira, yaliyohusisha watu zaidi ya milioni 20, ambapo mapendekezo ya watu wa kuunganishwa nao yalibadilishwa kwa makusudi. Waliofahamiana kwa mbali kiasi ndio waliosaidiana zaidi kupata kazi mpya, kuliko marafiki wa karibu. Kampuni ikitaka, inaweza kulegeza kuta tulizozikuta.

Lakini tazama kundi la familia la WhatsApp, ambako ujumbe hufuatana kwa saa tu, bila algoriti ya kuupanga. Mjomba anatuma tangazo la dawa inayodaiwa kuponya kila ugonjwa. Mpwa wake, muuguzi, anaandika sahihisho la mistari mitatu, anakumbuka kwamba mama yake na wakubwa wote wamo humo, analifuta, kisha anatuma alama ya mikono iliyokutanishwa. Usiku, katika kundi la aliosoma nao, anauchambua uongo uleule bila kumung'unya maneno, mbele ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kuinunua dawa hiyo.