Keki ya Halloween ianze na mtoto asiyeweza kuila

Oktoba ya mwaka jana meza yangu ya jikoni, hapa Columbus, Ohio, ilijaa pipi hadi nikakosa pa kuweka kikombe cha chai. Binti yangu wa darasa la pili alikuwa amenipa kazi: keki ya sherehe ya Halloween ya darasa lao (ile siku ya mwisho wa Oktoba, watoto wanapojivika kama mizuka na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi), na juu ya keki pipi za kila namna. Akanichorea na mfano. Katika mchoro ule keki yenyewe haikuonekana.

Wenzangu wengi wa kutoka nyumbani hawashiriki Halloween kabisa, sababu zao za dini nazijua, na siwagombi. Dada yangu wa Unguja aliniuliza kwenye simu, "Na hayo mashetani mnayapambia keki?" Tukacheka, tukahamia habari nyingine. Yangu leo ni ya jikoni.

Nasema hivi: keki ya darasa ipangwe kwa kumtazama kwanza mtoto mwenye masharti kuliko wote. Wengi wetu tunaoka, tunapamba, halafu dakika za mwisho tunamtafutia yule mtoto kikeki chake pembeni, kimefungwa kwenye plastiki. Nia ni njema. Lakini mtoto wa miaka saba anakijua vizuri sana kikeki cha pembeni. Wangu amewahi kupewa.

Barua ya mwalimu ilipiga marufuku karanga, korosho, lozi na jamaa zake, na ilitaka viungo vyote viandikwe kwenye karatasi. (Shule nyingi huku hazipokei kabisa chakula kilichopikwa nyumbani, kwa hiyo uliza kabla hujavunja mayai.) Sharti la tatu ni letu wenyewe: hatuli jelatini ya nguruwe, ule ute wa ngozi na mifupa unaogandishia pipi. Nikavaa miwani nikaanza kusoma lebo.

Reese's zilitoka kwanza, ndani ni siagi ya karanga. M&M's za kawaida hazikutiwa karanga, ila lebo inaonya kwamba huenda zimo; zikatoka. Minyoo ya jeli, ambayo binti yangu alitaka ichomoze kwenye udongo wa biskuti zilizosagwa, ina jelatini. Marshmallow, zile pipi nyeupe laini kama pamba, za kutengenezea mizuka, vilevile. Ikabaki candy corn, ile ya njano, chungwa na nyeupe, iliyoanzia Philadelphia miaka ya 1880 na zamani ikiuzwa kwa jina la chakula cha kuku, picha ya jogoo kwenye boksi. Nayo jelatini. Hapo mtoto akalia, na sikumlaumu: Halloween bila candy corn ni Ramadhani bila kaimati.

Sheria ya hapa inamlazimisha mtengenezaji ataje vyakula tisa vinavyoongoza kwa kuleta mzio, karanga, maziwa, mayai na wenzake, na wa tisa ni ufuta, tangu Januari 2023. Jelatini yenyewe mara nyingi imeandikwa hivyo tu, na ya mnyama gani hujui. Mama mwenye mtoto wa mzio wa karanga analindwa na lebo kuliko mimi, na bado hapati usingizi.

Mezani zikabaki aina tatu. Skittles, Smarties za Marekani, vile vidonge vya unga wa sukari, si zile za chokoleti za Uingereza, na Dum-Dums, pipi za kijiti zinazotengenezwa humu humu Ohio, mji wa Bryan. Binti yangu akapendekeza ubuyu aliotumiwa na bibi yake, mwekundu kama damu. Nilishawishika! Ila kumung'unya ubuyu na kutema mbegu ni elimu, na wale watoto wangepaliwa.

Krimu nyeusi niliianzia kwenye krimu ya kakao. Ukianza na nyeupe utamimina rangi nusu chupa, itakuwa chungu, na meno ya watoto yatatoka kama ya mla tambuu. Ikilala usiku mmoja inakolea yenyewe. Juu nikachora duara ndani ya duara kwa krimu nyeupe, nikazivuta kwa kijiti cha meno kutoka katikati kwenda nje, ukawa utando wa buibui. Dum-Dums sita nikazivika karatasi laini, nikafunga uzi shingoni, binti akachora macho: mizuka. Smarties zikawa njia ya kupita katikati yao. Skittles, za chungwa na zambarau tu, zikazunguka chini ukingoni, na hizo nilizipanga asubuhi ya sherehe. Mwaka uliotangulia nilizipanga usiku nikaiweka keki kwenye friji. Zilitoa jasho, na kulipokucha keki ilikuwa khanga iliyochuja.

Ilikuwa keki nzuri kuliko zote nilizowahi kupamba, na nadhani ni kwa sababu ya kunyimwa. Pipi zikirundikana kisu kinagonga, hakikati, na watoto wanadonoa za juu wanaacha keki. Angekuwapo mwenye mzio wa mayai, ningeoka ile ya siki na magadi soda, wote wakala hiyo hiyo.

Kuna shirika linaitwa FARE ambalo tangu 2014 linahimiza watu waweke mbele ya nyumba boga la rangi ya bluu-kijani, ishara kwamba hapo mtoto mwenye mzio atapata zawadi isiyo chakula. Nalipenda boga hilo. Lakini hata hilo ni bakuli la pembeni. Mtaani linafaa, maana kila mtoto anapita na mfuko wake. Darasani wanakaa meza moja na keki ni moja.

Jioni sahani ilirudi tupu, na mizuka miwili iliyopoteza vichwa. Zile Reese's nilizozitoa nilikuwa nimezificha juu ya friji. Usiku nilizila mwenyewe, zote, nimesimama.