Kipande (kitambulisho cha taifa): kwanza waulizeni wenyewe

Kuna ofisi moja imetoa tangazo jingine la "maoni ya umma" kuhusu kanuni za data za watu. Kurasa tele za Kiingereza cha mawakili, kikao kiko hotelini Nairobi, siku za kujibu chache. Nani wa Garissa, kule kaskazini mashariki, atafika hapo jamani? Nimekasirika kweli.

Chukua kijana wa Garissa. Akiwa mtoto mamake alimuandikisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, ukame ulikuwa umemaliza mifugo na huko ndiko kulikokuwa na chakula na dawa, na Wakenya wengi wa pande zile walifanya hivyo, mzazi gani angekataa? Alama za vidole zikaingia kwenye rekodi za wakimbizi. Akafika miaka 18 akaenda kuomba kipande, kompyuta ikasema huyu ni mkimbizi, basi, mlango umefungwa. Mkimbizi wa wapi na babu yake kazikwa hapo hapo? Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu, huwezi kufungua akaunti, kazi hupati, na polisi wakikusimamisha njiani una hofu. Miaka inakwenda hivyo, ujana unaisha, na hajui aende dirisha gani arekebishiwe. Sasa kama wale akina mama wangekuwepo mfumo unapopangwa, siku ya kwanza tu wangesema ngojeni, humu kambini kuna watoto wetu. Mtaalamu wa kompyuta angelijuaje hilo?

Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan, wako Kibra jijini Nairobi tangu enzi za Mwingereza, na bado vijana wao wamekuwa wakipigwa msasa mbele ya kamati kuthibitisha Ukenya wao. Tunasema ubaguzi wa rangi ni mambo ya Marekani, halafu mtu anahukumiwa kwa sura na jina lake hapa hapa.

Huduma Namba nayo, ule mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, ilichomekwa ndani ya sheria ya marekebisho mseto ya 2018, ile inayobadilisha sheria nyingi kwa mkupuo. Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, na wenzao wakaenda kortini, na tarehe 30 Januari 2020 majaji wakazuia kuchukua DNA (vinasaba) na GPS (mahali wanapoishi) za watu, wakataka kanuni kamili ziwepo kwanza. Lakini kwa nini mwananchi asikilizwe na jaji tu, tena baada ya foleni zote zile za kujiandikisha?

Haya, Februari 2025 Rais Ruto alitia saini tangazo kule Wajir kuondoa msasa kwa watu wa mpakani. Ni hatua, nakubali. Ila rekodi za Dadaab haziguswi na saini hiyo peke yake.

Leteni hivyo vikao kwenye baraza la chifu, kwa Kisomali na Kiswahili, na watu wa pale wawe na kura kwenye kamati inayoamua nani anaona data yao na inafutwa vipi ikikosewa.