Mgonjwa wa Biti 75

Rafiki yangu alitaka mchezo niliouandika kwa lugha ya kompyuta ya BASIC, faili la kilobaiti 30. Enzi hizo sote wawili tulikuwa na modemu, vifaa vya kupitisha data za kompyuta kwenye simu kama sauti. Zilikuwa za V.23, kiwango chenye upendeleo wa wazi: anayepigiwa simu humwaga biti 1200 kwa sekunde, anayepiga hujibu kwa 75. Waliokibuni walikuwa na hoja yao. Biti 75 ni kama herufi 7 kwa sekunde, na wenye vidole vya kushinda hapo ni wachache. Kama kazi yako ni kusoma kurasa na kubonyeza vitufe, hutalalamika. Tabu huanza siku unapotaka kupeleka mzigo.

Dawa ni yeye anipigie, mimi nipokee, mzigo uende kwa 1200. Lakini baba yake alikuwa amechoshwa na bili, akalitia kufuli duara la kuzungushia namba. Kufuli la chuma hasa. Simu ikabaki ya kupokea tu.

"Piga wewe, bwana," akaniambia. "Faili lenyewe si dogo tu?"

Nikapiga. Xmodem, utaratibu tuliotumia kutumiana mafaili, hulikata faili vipande vya baiti 128, na kwa mwendo ule kila kipande kilikula karibu sekunde 18. Vipande vilikuwa 240. Hiyo ni zaidi ya saa nzima, na bili ni yangu. Nikaenda kuoga, nikala, nikarudi nikakaa kuvitazama vikipita kimoja kimoja.

Vilipobaki vichache, skrini ikabadilika. Kosa. Rudia. Kosa. Rudia. Xmodem ilipochoka ikaacha kabisa, na ikiacha haikumbuki ilipofika. Ni kuanza upya. Nikainua mkonga wa simu.

"...nauliza, nani anagumia humu?"

Alikuwa bibi yake, kwenye simu ya pili ya chumbani. Sikio lake halikumdanganya. Katika V.23 upande wa polepole hutoa sauti nzito za hezi 390 na 450, wa haraka hulia kwa 1300 na 2100. Kwa hiyo alichosikia ni mtu anagumia bila kupumzika, na mwingine pembeni anapiga mluzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe unayeumwa?"

"Siumwi, Bibi. Ni mashine."

"Mashine haigumii hivyo. Na huyo asiye na adabu, anayempigia mgonjwa mluzi?"

Hapo ningesemaje? Kitaalamu jibu lilikuwa moja tu.

"Ni mjukuu wako."

Simu ikakatwa. Muda si muda ikalia kwangu.

"Bibi kamtoa Baba ufunguo kwa nguvu," rafiki yangu akasema kwa sauti ya aliyetoka kusemwa. "Nimeamriwa nikupigie nikuombe radhi na nikupe pole."

"Usikate!" nikapiga kelele. Sasa aliyepiga alikuwa yeye! Nikaiweka modemu yangu upande wa kupokea, na faili zima likapita kwa kama dakika 5.

Kabla hatujakata, Bibi akainua tena mkonga wa chumbani ili anijulie hali. Safari hii aliyekuwa akigumia ni modemu ya mjukuu wake. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye jinsi Bibi alivyoutupa ule mkonga na kuja sebuleni mbio:

"Keshakuambukiza!"