Mtama uliokomaa hautaki mvua

Mmeandika mvua hizi za Mei ni neema kwa wakulima wa Dodoma, jamani mi niko Kongwa na nasema sio kwa wote. Mtama ukishakomaa unataka jua na upepo wetu huu mkavu basi, sasa imenyesha siku tatu mfululizo masuke yamelowa chepechepe, jana nimevunja moja nikakuta vimizizi vyeupe vinachungulia kwenye punje na ukungu mweusi chini yake, nimeumia sana. Hata ngano ya kule Hanang ni hivohivo, punje zikiota kwenye suke kabla ya kuvunwa mkate wake unanata katikati. Na ukisema usubiri ukauke, ndege kweleakwelea hao, wanaumaliza! Wenzangu ulokomaa kateni, anikeni kwenye turubai, msijaze gunia mpaka punje ilie kak ukiing'ata.