Kuvu Ndani ya Nyasi: Kuiua au Kuibadilisha?

Kentucky 31, mbegu ya nyasi za malisho za jamii ya feskyu, ilianza kusambazwa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1943, ikapendwa kwa kuhimili ukame, kwato na wadudu. Lakini ng'ombe walioila walikonda, wakahema juani, maziwa yakapungua. Msimu wa baridi, wengine walioza miguu hadi kwato kung'oka. Farasi wenye mimba walizaa watoto wafu.

Mwaka 1977 Charles Bacon na wenzake, huko Georgia, walihusisha maradhi hayo na kuvu inayoishi ndani ya nyasi, ambayo leo inaitwa Epichloë coenophiala. Haiachi doa wala jeraha. Hukaa kati ya seli na seli, hasa kwenye ala za majani (sehemu ya chini ya jani inayokumbatia shina), hupanda na shina hadi ndani ya mbegu, na hivyo mche huzaliwa nayo. Nyasi huilisha sukari, nayo hutengeneza alkaloidi, yaani kemikali zinazoweza kuwa sumu kwa wanaoila nyasi. Lolini na peramini huwadhuru au kuwafukuza wadudu. Ergovalini hubana mishipa ya damu ya mnyama: wakati wa joto mwili hushindwa kupoa, wakati wa baridi damu haifiki miguuni.

Wengi walisema kuvu iondolewe. Miaka ya 1980 mbegu safi, zisizo na kuvu, ziliuzwa, na ng'ombe walinenepa kweli. Ila kwenye majimbo ya kusini yenye joto, mashamba mengi yalikonda na kufa, kwa kuwa ngao ya mmea ilikuwa imeondoka pamoja na sumu. Hapo waliotaka kuvu ibaki walipata hoja nzito: panda klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya nyasi, hamisha mifugo kiangazi, vumilia hasara. Kwa mwenye shamba la mteremko, ambako kulima upya ni kualika mmomonyoko, siwezi kuwalaumu.

Hata hivyo, hoja yao isivutwe mbali. Sifa nyingi za kuvu hizi zimetokana na Kentucky 31, mbegu moja iliyochaguliwa na binadamu. Mwanaikolojia Stanley Faeth alipochunguza feskyu ya porini ya Arizona, mara nyingi hakuona faida kwa mmea.

Mimi naegemea njia ya tatu, ambayo New Zealand imeifuata kwenye raigrasi, nyasi nyingine ya malisho yenye kuvu ya aina hii: kuchagua kuvu isiyotengeneza sumu ile mbaya. Aina moja ya kuvu iliyochaguliwa, AR1, hutoa peramini bila lolitremu B, sumu inayowafanya kondoo kutetemeka na kuanguka. Lakini AR1 haimzuii vizuri kila mdudu. Aina nyingine, AR37, huzuia wengi zaidi, ila kondoo bado hutetemeka mara chache. Tena kuvu hizi hufa mbegu ikikaa muda mrefu ghalani penye joto, kwa hiyo mnunuzi lazima adai mbegu iliyopimwa kuvu hai. Juu ya bei yake, atalipia kuua nyasi za zamani na kusubiri miezi bila malisho, na mzigo huo ndio unaowabakiza wafugaji wengi na Kentucky 31.