Fito ya kupimia kina haijui maji yametoka wapi

Tangu maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yaanze kufurika mwanzoni mwa miaka ya 2010, ubishi Nakuru haujaisha. Wapo wanaosema ni mvua, wapo wanaosema ardhi imepasuka na maji ya moto yanasukumwa juu. Akitokea wa kupendekeza maji yapimwe isotopu za oksijeni, yaani aina zake nyepesi na nzito, huambiwa hiyo ni anasa ya maabara: pimeni mvua, pimeni kina, pigeni hesabu.

Hoja hiyo ina uzito. Isotopu hazipimi wingi wa maji, na bila rekodi za mito Njoro, Makalia na Nderit hesabu ya Ziwa Nakuru haikamiliki.

Lakini tazama Ziwa Naivasha. Kama Nakuru, halina mto unaotoka, na jua ni lile lile. Mbona maji yake ni matamu, ya Nakuru ni magadi? Katika kila atomu 500 hivi za oksijeni, moja ni oksijeni 18, yenye nyutroni mbili zaidi ya ile ya kawaida, hivyo ni nzito zaidi. Jua likipiga ziwa, molekuli nyepesi hutangulia kuruka, nzito hubaki. Maji ya ziwa hupata alama ambayo mvua iliyonyesha kwenye milima ya Aberdare haina, na yakizama ardhini huondoka nayo. Alama hiyo imekutwa katika maji ya chini ya ardhi kusini mwa ziwa, upande wa Olkaria, penye visima vya mvuke wa ardhini. Naivasha linavuja kwa chini, na chumvi inaondoka na maji hayo, ndiyo maana linabaki tamu. Hesabu ya mvua na kina ingeonyesha kwamba maji yamepungua. Isingeonyesha yalishika njia ipi.

Wakosoaji wana neno jingine, nalo ni la kweli: penye joto kali maji hubadilishana oksijeni na miamba, alama ikavurugika. Kwangu mimi hapo ndipo penye faida. Jua huongeza uzito wa oksijeni na wa hidrojeni pia. Mwamba wa moto huongeza wa oksijeni, hidrojeni ikabaki karibu ilivyokuwa. Ukipima zote mbili, maji mengi ya moto yakiwa yanapanda kutoka chini ya Nakuru yatajitambulisha.

Chupa moja ya siku moja haitoshi, maana mvua yenyewe hubadilika kwa msimu na mwinuko. Zinatakiwa chupa za kila mwezi, zimezibwa zisivukize, kutoka mitoni, kwenye chemchemi na ziwani, na zianze kujazwa sasa.