Kompleksi Thabiti na Kompleksi Nzito Tusizichanganye

Neno linalotuponza zaidi katika kufundisha kemia ya metali za mpito ni "thabiti". Tunalitumia kwa kompleksi (metali iliyozungukwa na molekuli au ioni zilizojifunga kwake, ziitwazo ligandi) ambayo metali imezishika ligandi zake kwa nguvu, kisha tunalirudia kwa ile ambayo ligandi zake hazibadilishwi upesi, kana kwamba mambo hayo ni mamoja. La kwanza ni suala la nishati mwanzoni na mwishoni mwa mmenyuko, na la pili ni suala la kizingiti cha nishati kilichopo katikati, ambacho huamua kasi. Mwanakemia Henry Taube alilipambanua jambo hili mwaka 1952 akitumia mpangilio wa elektroni za d (elektroni za nje za metali hizi), na kwa maoni yangu bado hatujalipa uzito linaostahili. Napendekeza "thabiti" libaki kwenye nishati, na kwa upande wa kasi tuseme kompleksi ni "nyepesi" au "nzito" kubadilika.

Nikeli hushika sianidi nne kwa nguvu kubwa mno, lakini sianidi hizo hupishana na nyingine zilizomo majini kwa kasi kubwa. Hiyo ni thabiti na nyepesi. Kobalti(III) yenye amonia sita, ikitiwa katika asidi, kwa hesabu ya nishati ingepaswa kuvunjika, lakini hukaa siku nyingi bila kudhurika. Hiyo si thabiti, ila ni nzito.

Tofauti hii huonekana kwa macho. Dondoshea amonia kwenye maji ya mrututu (salfeti ya shaba): kwanza hutokea mashapo ya buluu hafifu, kisha amonia ikizidi mashapo huyeyuka na neli nzima hugeuka buluu iliyokoza kama wino, hata kabla hujamaliza kuitikisa. Sasa yeyusha kloridi ya kromi(III) ya kijani na uitie mara moja nitreti ya fedha, ambayo hushusha kloridi zilizo huru. Mashapo meupe yatakayoshuka ni ya theluthi moja tu ya kloridi, kwa sababu mbili kati ya kila tatu zimefungwa kwenye kromi yenyewe, nazo huachia taratibu mno. Mwanafunzi aliyeyaona hayo mawili kwa pamoja hahitaji kukaririshwa.

Jambo hili lina uzito hata hospitalini. Sisiplatini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, hubeba kloridi mbili na amonia mbili kwenye metali ya platini. Katika damu kloridi ni nyingi, hivyo zake hazitoki kwa wingi; ndani ya seli ni chache, na hapo maji huchukua nafasi ya kloridi kwa muda wa saa kadhaa, kisha naitrojeni ya DNA huyaondoa maji hayo na kujifunga kwenye platini. Metali ya paladi huunda kompleksi ya umbo lilelile, lakini hubadilisha ligandi kwa kasi inayoizidi platini takriban mara 100,000, kwa hiyo humaliza kloridi zake njiani, kabla ya kuifikia DNA.